Bibi wa Maabara Anajibu: POP, MO na Magadi ya Sokoni

Mtihani wa vitendo wa kemia ukikaribia, barua zenu zote huhamia kwenye jambo moja: rangi. Mwezi huu maswali ya kutu na ya betri yasubiri kidogo. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni fundi sanifu wa maabara mstaafu, nimeosha bureti (ile mirija ya kupimia yenye bomba chini) za sekondari za Tanga tangu ujana wangu. Ubaoni sikusimama sana, kwa hiyo nitasema zaidi kuhusu yale yanayotokea mezani. POP ni fenoftalini na MO ni methili oranji, kama wanafunzi wenyewe wanavyoandika kwenye majedwali yao; zote mbili ni indiketa, yaani dawa zinazobadilika rangi asidi na besi zinapokutana.

Shikamoo Bibi. Tuko chuo cha ualimu, Arusha. Tulinunua sokoni magadi ya kupikia makande, tukayeyusha gramu 2.5 tukapata 250 cm³ za maji yake, tukachuja. Tukapima 25 cm³ kwa asidi haidrokloriki ya 0.1 M. Kwa POP rangi ilipotea kwenye 8.20 cm³. Tukatia MO kwenye flaski ile ile, tukaendelea mpaka 24.90 cm³. Kitabu kinasema usomaji wa pili uwe mara mbili ya wa kwanza, sisi tunapata mara tatu. Tumerudia, majibu ni yale yale. Asidi yetu imeharibika?

Marahaba, wanangu. Asidi iacheni, ni nzima. Kitabu nacho hakikudanganya, ila kinazungumzia sodiamu kaboneti ya kwenye kopo. Ninyi mmechukua magadi, na humo kaboneti haikai peke yake.

Magadi ya Ziwa Natron, au ya Ziwa Magadi upande wa Kenya, sehemu yake kubwa ni fuwele za trona. Ndani ya trona kila kaboneti moja ina haidrojeni kaboneti moja pembeni yake, pamoja na maji mawili. Sasa fuateni asidi inavyoingia. Kwanza inaikamata kaboneti na kuigeuza iwe haidrojeni kaboneti. pH, kile kipimo cha uasidi ambacho namba yake hushuka uasidi unapozidi, inashuka, na ikifika 8.3 hivi kaboneti imekwisha yote. Hapo POP inapoteza rangi na wanafunzi wengi wanafunga bomba wakidhani kazi imekwisha, kumbe haidrojeni kaboneti yote bado imo: iliyozaliwa sasa hivi, na iliyokuwamo tangu ziwani. Mkitia MO na kuendelea, asidi inazimaliza zote mbili, mapovu ya kaboni dayoksaidi yanatoka, na pH ikikaribia 4 njano ya MO inaanza kuelekea chungwa.

Hesabu yenu inajieleza. Kuivusha kaboneti hatua ya kwanza kumegharimu 8.20 cm³. Kuivusha hatua ya pili lazima kugharimu 8.20 nyingine. Jumla 16.40. Mmetumia 24.90, kwa hiyo 8.50 zilizobaki ni za haidrojeni kaboneti iliyokuja nayo kutoka ziwani. 8.20 kwa 8.50, karibu sawa kwa sawa, ndivyo trona inavyotakiwa kuwa. Kaboneti safi ingewapa mara mbili, trona safi mara tatu. Mngetumia POP peke yake msingeijua haidrojeni kaboneti kabisa, na mngetumia MO peke yake mngepata jumla bila kujua nani kaleta nini. Indiketa mbili kwenye flaski moja zimewapa majibu mawili, nami nafurahi mmeandika mlichokiona badala ya kukikunja kifanane na kitabu. Wapo wanaokikunja.

Twende mbele kidogo. 8.20 cm³ za asidi ya 0.1 M (moli 0.1 kwa kila lita) ni moli 0.00082. Moli moja ya trona ina gramu 226, kwa hiyo kila flaski ilikuwa na gramu 0.185 hivi za trona. Mliweka magadi gramu 0.25 kwa kila flaski. Basi mlichonunua ni trona kwa karibu robo tatu. Robo nyingine ni mchanga mlioubakiza kwenye karatasi ya kuchujia, chumvi ya kawaida, na vinginevyo vya ziwani. Mojawapo ni fluoraidi, ambayo iko nyingi kwenye magadi ya ukanda wenu na inahusishwa na meno ya kahawia mnayoyaona kwa watu wa huko. POP na MO haziioni. Msije mkamwambia mtu magadi yake ni salama kwa sababu titresheni imekwenda vizuri.

Angalizo kwenye usomaji wa kwanza: mwageni asidi polepole, huku mkizungusha flaski bila kuacha. Ukiiachia mbio, mahali tone linapoangukia asidi inazidi, gesi inatoroka kabla ya zamu yake, na 8.20 inakuwa 8.60 bila sababu. Halafu jicho la binadamu linaona rangi inayotokea haraka kuliko rangi inayopotea. Wekeni pembeni flaski yenye maji matupu mlinganishe.

Na kama mna muda, chukueni magadi yale yale, yasageni, yachomeni kwenye bakuli la kaure kwa moto mkali kwa nusu saa, yapoe, mpime tena. Joto linaifukuza kaboni dayoksaidi na maji, haidrojeni kaboneti inageuka kaboneti, na uwiano wenu utashuka kutoka tatu kuelekea mbili. Pale Ziwa Magadi hiyo ndiyo kazi ya kiwanda tangu mwanzoni mwa karne iliyopita: kuchoma trona ipatikane magadi makavu ya kutengenezea vioo.

Bibi shikamoo. Niko kidato cha nne, Mbeya. Nikipata pinki nzuri ya POP, nikigeuka kuandika usomaji naikuta imepotea. Niongeze tone au niache?

Marahaba. Acha, andika ulichosoma. Hewa ina kaboni dayoksaidi, inaingia kwenye flaski, inageuka asidi dhaifu na kuila alkali kidogo uliyoizidisha kwa tone la mwisho. Pinki ikikaa nusu dakika huku unazungusha, umefika. Ikipotea kabla ya hapo, ongeza tone moja. Ukitaka kuamini, chukua mrija wa soda, puliza pumzi yako ndani ya flaski yenye pinki hafifu uone inavyokwenda.

Ila neno lako "pinki nzuri" limenitia wasiwasi. Pinki nzuri, ile ya kupendeza mpaka unamwita mwenzako aje aone, ni usomaji mbovu. Umeshapitiliza. Tunayoitaka ni ile unayoiona kwa shida juu ya kigae cheupe, ambayo ukiinyanyua flaski mbele ya dirisha unajiuliza kama ipo. Kwa MO ni hivyo hivyo: asidi ikiwa kwenye bureti, funga bomba njano inapoanza kuwa chungwa. Ukiona waridi umechelewa. Nimewahi kutembelea maabara baada ya mtihani wa majaribio nikakuta flaski arobaini mezani, zote zimeiva waridi, na kila mtoto anatabasamu.

Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea, Tandahimba. Sina mwalimu. Nimekariri kwamba siki ni POP na amonia ni MO lakini nasahau ndani ya chumba cha mtihani. Kuna njia ya kuelewa badala ya kukariri?

Ipo, na ukiishika hutakariri tena. Indiketa haijui kama asidi imekwisha. Haiijui asidi yako wala besi yako. Inachokiona ni pH tu, na kila moja ina mahali pake pa kubadilika: MO kati ya 3.1 na 4.4, POP kati ya 8.3 na 10. Ni abiria wa daladala. Anashuka kituo chake, gari liwe limefika mwisho wa safari au halijafika. Kazi yako ni kumtafuta abiria ambaye kituo chake ndipo safari inapoishia.

Sasa safari zinaishia wapi? Chukua asidi haidrokloriki 25 cm³ ya 0.1 M, uimiminie sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M. Ukifika 24.95 cm³ pH ni 4. Ukifika 25.05 cm³ pH ni 10. Yaani matone mawili tu yamelirusha gari kutoka 4 hadi 10, limevipita vituo vyote kwa mruko mmoja. Ndiyo maana kwa asidi kali na besi kali utatumia POP, utatumia MO, na jibu litakuja lile lile kwa tofauti ya tone. Watu wanaoanzia hapa ndio wanaodhani indiketa zote ni sawa.

Lete siki. Asidi yake ni dhaifu, haiachii haidrojeni zake kirahisi, kwa hiyo hata kabla hujaanza pH yake si ya chini sana, kwa 0.1 M ni 2.9 hivi. Weka MO, anza kumimina haidroksaidi. Wekundu unaanza kubadilika mapema mno, unasogea polepole kupitia chungwa, na ukifika kama 7.5 cm³ flaski yote ni njano. Ukifunga bomba hapo, zaidi ya theluthi mbili ya asidi bado imo ndani haijaguswa. Mwisho wa kweli uko kwenye 25 cm³, na pale pH ni kama 8.7, kwa sababu chumvi iliyobaki, sodiamu asetati, ina ualkali wake kidogo. Nani anashuka karibu na 8.7? POP.

Amonia na asidi haidrokloriki ni kinyume chake. Chumvi inayobaki ina uasidi, mwisho uko kwenye pH 5 na kitu, na pH inaporomoka kuelekea chini papo hapo. POP ingekuwa imeshapoteza rangi kitambo. MO inafaa, methili nyekundu, inayobadilika kati ya 4.4 na 6.2, inafaa zaidi kama ipo shuleni kwenu.

Siki kwa amonia, zote dhaifu? Hapo pH haina mruko wa maana mahali popote, inatambaa tu. Hakuna indiketa itakayokusaidia, na swali likikuuliza uchague, jibu ni hilo.

Kwa hiyo ukiingia kwenye chumba cha mtihani usijiulize "siki ni nani wake?" Jiulize chumvi itakayobaki kwenye flaski ina tabia gani. Kisha soma kopo. Na matone ni mawili au matatu, basi. Indiketa nayo ni asidi dhaifu au besi dhaifu, ukiimwaga kijiko itadai sehemu yake ya kilichomo kwenye bureti, na MO ikizidi hutaiona chungwa hata ukiitafuta kwa tochi.

Bibi, niko Singida, kidato cha tatu. Wenzangu wanaona MO imekuwa chungwa, mimi naona ni ile ile. Nikija kuona tofauti nimeshazidisha karibu 1 cm³. Naambiwa sina umakini.

Mwanangu, huenda tatizo halihusu umakini hata kidogo. Wapo watu, na wanaume ni wengi zaidi kuliko wanawake, waliozaliwa macho yao hayatenganishi vizuri nyekundu, chungwa, njano na kijani. Wanaishi maisha yao yote bila kujua mpaka siku wanapokutana na MO. Nenda kliniki ya macho uombe kupimwa kwa vile vitabu vya vidoti vyenye namba zilizofichwa. Vilibuniwa na daktari wa Japani, Shinobu Ishihara, mwaka 1917 na bado vinatumika. Ni kipimo cha dakika chache na hakiumi. Ukishajua, mwambie mwalimu wako na mkuu wa shule mapema, si wiki ya mtihani.

Mezani kuna mambo ya kufanya. Kama ni asidi kali na besi kali, omba bromothimoli buluu, inayobadilika kati ya 6.0 na 7.6 kutoka njano kwenda buluu, rangi mbili ambazo wengi wenye macho ya aina yako wanazitenganisha bila shida. Kwenye kazi za POP kuna thimoloftalini, inayotoka kutokuwa na rangi kwenda buluu kati ya 9.3 na 10.5. Hazipo kila shule, lakini gramu chache zinahudumia miaka.

Ukikosa zote, fanya hivi. Tengeneza flaski mbili za kulinganishia: moja ina MO ndani ya besi, nyingine ina MO na tone moja la asidi lililozidi. Ziweke kushoto na kulia kwa flaski yako, juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha. Taa za njano za darasani ziache. Wewe usitafute chungwa. Tafuta wakati ambapo flaski yako inaacha kufanana na ya kushoto. Na pilot yako, ile ya kwanza ya kukadiria, itumie vizuri: kama ilikwisha kwenye 24 na kitu, mara ya pili kimbia mpaka 23, halafu nenda tone kwa tone ukiandika usomaji kila tone. Hata rangi ikikudanganya, orodha ya namba itakuonyesha kosa liko umbali gani.

Aliyesema huna umakini naye apimwe. Simsemi vibaya, ila jambo hili linawapita watu wazima wengi.

Shikamoo Mama. Natengeneza sabuni za vipande Tabora kwa mawese na kostiki soda. Mteja kaniambia mikono inamwasha. Nikauziwa POP, nikayeyusha sabuni kwenye maji, nikadondosha, ikawa pinki kali. Kila kipande ni hivyo hivyo. Ina maana sabuni zangu zote ni mbovu?

Marahaba mwanangu, pole na kazi. Hapana, kipimo chako hakijasema hivyo. Sabuni yoyote nzuri ikiyeyuka kwenye maji inakuwa na pH ya 9 mpaka 10, na POP itaipaka pinki, hata ile ya kuogea ya dukani. Jaribu uone. Kipimo kwenye maji hakitenganishi sabuni na kostiki iliyozidi.

Katia kipande katikati, udondoshee POP yako juu ya sehemu iliyokatwa, ikiwa kavu. POP yenyewe iko kwenye spiriti, na ndani ya spiriti sabuni haitoi ualkali wake inavyoutoa majini. Ikibaki bila rangi au ikatoa waridi hafifu sana, kipande kiko sawa. Ikiwaka pinki papo hapo, hasa kwa mabaka mabaka, kuna kostiki ambayo haikupata mafuta. Jaribu kingo na katikati, kwa maana kukoroga vibaya huweka kostiki upande mmoja. Kama mawese yako ni mekundu yasiyochujwa, rangi ya sabuni itakuficha pinki. Hapo tumia njia ya pili.

Njia ya pili inakupa namba. Pata ethanoli isiyo na rangi (spiriti ya zambarau ya madukani haifai, rangi yake itakuchanganya), 100 cm³, tia matone ya POP, kisha alkali tone kwa tone mpaka uone waridi hafifu kabisa. Kwangulia humo gramu 10 za sabuni. Pasha moto kwa kuweka chupa ndani ya sufuria ya maji yaliyokwisha kuepuliwa jikoni. Usithubutu kuweka spiriti juu ya mkaa. Sabuni ikiyeyuka na pinki ikakolea, imimine asidi haidrokloriki ya 0.1 M mpaka rangi irudi ilivyokuwa. Kila 1 cm³ ya asidi ni gramu 0.004 za kostiki. Ukitumia 5 cm³ una gramu 0.02 ndani ya gramu 10, yaani asilimia 0.2, na hapo mteja wako ana haki ya kulalamika.

Dawa yake mara nyingi ni muda. Sabuni ya baridi, isiyopikwa, iache wiki nne kabla ya kuuza, ipime tena. Kama bado, rudi kwenye mizani yako ya kostiki, hasa kama ulikuwa unapima kwa kikombe.

Mwalimu wa sayansi, Newala. Kopo la POP limekwisha, MO hatukuwahi kuwa nayo, na mtihani wa ndani ni mwezi ujao. Nimesikia choya inafaa. Litimasi ninayo pakiti nzima, kwa nini isitumike?

Nianze na litimasi. Inaanza kubadilika kwenye pH 5 na kumaliza 8, tena kwa kusuasua, kutoka wekundu kupitia zambarau ya aina nyingi hadi buluu. Kwa kuuliza "hii ni asidi au besi?" inatosha. Kwa kujua ni tone lipi, haitoshi. Cha kuchekesha ni kwamba inatengenezwa na jamaa wa marere, yale yanayoota kwenye magome ya miti ya pwani yetu. Karne ya 19 marere yalisombwa kutoka Zanzibar na pwani yake kwenda Ulaya kutia nguo rangi ya zambarau, nasi leo tunanunua pakiti za vijikaratasi.

Choya inafaa, ndiyo. Chukua maua makavu kiganja kimoja, mwagia maji yaliyochemka, acha robo saa, chuja mara mbili. Kwenye asidi inawaka nyekundu, ikikaribia katikati inafifia kuelekea zambarau, kwenye alkali inakuwa kijani, na alkali ikiwa kali sana inaelekea njano. Robert Boyle wa Uingereza alichapisha jambo la namna hii mwaka 1664 kwa sharubati ya maua ya urujuani: nyekundu kwa asidi, kijani kwa alkali. Rangi ni za familia ile ile, anthosianini.

Ila uitumie kwa asidi kali na besi kali tu, ule mruko wa 4 hadi 10 niliomweleza ndugu wa Tandahimba. Hapo nyekundu inageuka kijani ndani ya tone moja au mawili na watoto watapata usomaji unaokaribiana. Kwenye siki itawasumbua, rangi itatembea njia nzima. Matone mawili hayatoshi kwa kuwa rangi yake ni nyepesi. Tia kumi hadi kumi na tano, idadi ile ile kila flaski. Bila friji inaota ukungu ndani ya siku chache, kwa hiyo tengeneza asubuhi ya siku ile.

Kwa siki tumia manjano, unga wa jikoni. Kijiko kimoja kwenye spiriti isiyo na rangi, tikisa, acha utuame, chukua maji ya juu. Yanabaki njano kwenye asidi na kugeuka wekundu wa hudhurungi pH ikipita 7.4 hivi kuelekea 9, mahali panapokaribia kituo cha POP. Mfua kanzu yeyote anaijua kazi hii: doa la mchuzi likipakwa sabuni ya kipande linakuwa jekundu, likikamuliwa ndimu linarudi njano. Mabadiliko yake si makali ya kukata na kisu. Fanya moja mwenyewe kwanza, iache mezani ndiyo iwe rangi ya kulinganishia darasa zima.

Kwenye jedwali la mtihani wa ndani waandikie wanafunzi jina la indiketa waliyotumia, choya au manjano, na rangi zake. Nimeona majedwali ya "pinki" kutoka shule ambayo POP haikuwapo.

Bibi, POP ya shuleni kwetu imekuwa nyeupe, haipitishi mwanga. Mlinzi wa maabara ameionja, anasema imeoza. Tumwage?

Msimwage. Kuna mtu ameiona inapungua akaijazia maji. POP inayeyuka kwenye spiriti, kwenye maji hapana. Maji yakizidi inajitenga na kuwa chembe nyeupe. Ongezeni ethanoli kidogo kidogo huku mkitikisa. Ikirudi kuwa angavu, ijaribuni: tone kwenye maji matupu lisitoe rangi, tone kwenye haidroksaidi iliyozimuliwa litoe pinki. Haidroksaidi kali msiitumie kwa jaribio hili, maana alkali ikizidi sana POP inapoteza rangi tena na mtadhani imekufa.

Ya kutengeneza upya ni gramu 1 ya unga kwenye 50 cm³ za ethanoli, iyeyuke yote kwanza, ndipo muongeze maji yaliyotoneshwa 50 cm³ taratibu. MO ni rahisi zaidi, gramu 0.1 kwenye 100 cm³ za maji ya moto. Na huyo anayeonja ili kujua kama imeoza, maana barua yako imemtaja, aache. Fenoftalini iliuzwa miaka mingi kama dawa ya kulainisha choo, Marekani ikaiondoa kwenye dawa za dukani mwaka 1999 baada ya kuonekana inaleta saratani kwa wanyama wa majaribio.